Mashine ya Kukata

Katika nyumba za idara, nyasi za mbele ya nyumba hazizidi vidole vinne, na kila kidole kinachozidi hulipwa kwa chumba kimoja. Kanuni hiyo ilijulikana na wote. Watoto waliijua kabla ya kujua kuhesabu, na wengi wao ndiyo iliyowafundisha kuhesabu. Ilikuwa imeandikwa kwenye kibao cheupe mwanzoni mwa mtaa, na chini yake, kwa herufi ndogo, ikafafanuliwa: vidole hulazwa, havisimamishwi, vidole ni vya mkaguzi, ziada isiyotimiza kidole haihesabiwi, kung'oa ni uharibifu, mbuzi hawaruhusiwi, kila nyumba ina chombo kimoja kilichoandikishwa, na mwenye nyumba ndiye anayekishika. Mkaguzi aliyepita alikuwa na vidole vinene, na watu wa mtaa ule walimkumbuka kwa shukrani. Huyu wa sasa alikuwa bwana mwembamba mwenye vidole kama penseli.

Nyumba ya saba ilikuwa na vyumba vinne, na ndani yake aliishi mzee mmoja na mkewe. Kila mtu alimwita mzee huyo Karani, ingawa alikuwa amestaafu mwaka wa tatu sasa, kwa kuwa miaka thelathini na mmoja nyuma ya dirisha la masjala haimtoki mtu kwa kupewa saa ya ukutani. Alinyoa ndevu kila siku. Alivaa shati la mikono mirefu hata akienda kumwaga takataka. Bustani yake aliifyeka kwa fyekeo, mwenyewe, kila mwezi kabla ya ukaguzi, mpaka bega la kulia lilipogoma na daktari akamwambia asiinue tena mkono kupita sikio. Mkewe alikuwa kitandani mwaka wa pili, katika chumba cha nyuma, na usingizi wake mwingi aliupata mchana.

Kwa hiyo Karani alikwenda kununua mashine ya kukata nyasi.

Muuzaji alikuwa bwana mnene mwenye penseli sikioni na kalamu mfukoni. Alimsalimu Karani kwa shikamoo ndefu, akamuuliza ukubwa wa bustani.

“Hatua kumi na tisa kwa kumi na moja,” akasema Karani. “Ina mteremko upande wa lango.”

“Basi chukua hii ya petroli, mzee. Unavuta kamba mara moja tu, inaamka.”

“Bega langu halivuti kamba. Na nyumbani nina mgonjwa. Nikiiamsha hiyo, nimemwamsha na yeye.”

“Hii ya umeme, basi. Mnyamavu kama mtoto wa mchungaji.”

“Na umeme ukikatika?”

“Unangoja, kama tunavyongoja sisi wote.”

“Mkaguzi hangoji.”

Muuzaji alikwenda pembeni mwa duka akavuta mashine ya tatu, ya kusukuma kwa mikono: magurudumu mawili, mpini mrefu, na katikati visu vitano vilivyopinda na kuzunguka pamoja kama pipa. Alilaza ukurasa wa gazeti sakafuni akaipitisha juu yake. Ilitoa sauti ndogo ya karatasi kuchanwa, na gazeti likabaki vipande vyembamba vilivyolingana.

“Inakata?” akauliza Karani, ambaye hakuwahi kukubali jambo kwa kuliona tu.

“Inakata.”

“Inakata sawasawa?”

“Mzee wangu, nimekwambia inakata. Sijaongeza neno.”

Muuzaji akaandika stakabadhi. Nafasi ya maelezo ya bidhaa ilikuwa finyu, na mwandiko wake ulikuwa mpana. Aliandika “Mashine ya kukata”, akafika ukingoni, akapiga muhuri. Karani alivaa miwani akaisoma mara tatu, kama alivyosoma kila karatasi maishani mwake. Aliona kilichopungua. Alikuwa amefundishwa sarufi na walimu waliotembea na rula, na alijua vema kwamba kitenzi hicho hakikai peke yake. Sharti kipewe kitu cha kukata. Lakini dawa ya mkewe ilikuwa ya saa kumi, na saa tisa na nusu ilikuwa imekwisha pita. Aliikunja stakabadhi akaitia mfukoni. Katika miaka thelathini na minne, ndiyo karatasi ya kwanza aliyoipokea ikiwa pungufu.

Siku iliyofuata aliiandikisha mashine katika ofisi ya nyumba. Ofisi ilinakili stakabadhi neno kwa neno, ikagonga muhuri wake juu ya ule wa duka, ikalipokea fyekeo la zamani na kulitupa ghalani.

Alikata kwa mara ya kwanza Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya ukaguzi. Binti yao alikuwepo. Alikuwa muuguzi katika hospitali ya upande wa pili wa mji, na kila Jumamosi alikuja kumwogesha mama yake. Wakati huo alikuwa amesimama uani na Mshonaji, mjane wa nyumba ya tisa, aliyekuja kuazima pasi na alikuwa katikati ya habari.

“Basi wifi yangu,” Mshonaji alikuwa akisema, “aliponiona nimeivaa ile nguo, alinivuta pembeni, mbele ya wakwe zake wote, akaniambia—”

Karani alianza kusukuma. Visu vilizunguka, nyasi zikaruka nyuma ya mashine kama maji, na Mshonaji akanyamaza.

“Akakwambia nini, mama?” akauliza binti.

Mshonaji alishika koo, akalisikiliza. “Imekatika,” akasema. Alichukua pasi akaenda zake, na mwisho wa habari ile haujajulikana hadi leo.

Pasi haikumfaa, kwa sababu dakika hiyohiyo umeme ulikatika katika nyumba zote za mtaa. Hilo halikumshughulisha mtu. Kilichoonekana ni kwamba mkewe Karani, ambaye kwa miezi mingi alikunywa maji usiku na mchana bila kutosheka, aliirudisha bilauri ikiwa imejaa.

“Kiu imekatika,” akasema.

“Vizuri, mama,” akasema binti yake, akaiandika saa.

Mkaguzi alikuja Jumatatu, akalaza vidole vyake penye nyasi ndefu kuliko zote, akaandika “tatu”, akaondoka.

Mwezi wa pili ilikuwa vivyo hivyo. Karani alisukuma mashine tangu kibarazani mpaka langoni, mistari iliyonyooka kama daftari, na alipofika mstari wa nne maji yalikatika. Mwalimu wa hesabu wa nyumba ya tano, aliyekuwa amesita miaka sita asijue amwoe au asimwoe mpishi wa shule, alikata shauri akiwa na mswaki mdomoni, akatoka hivyohivyo kwenda kumwambia. Ndani ya nyumba, kikohozi cha mgonjwa kilikatika. Alikuwa amekohoa kwa muda mrefu hata mumewe alipanga usingizi wake kukifuata, na siku tatu za kwanza za ukimya ule hakulala kabisa.

Mwezi wa tatu ilikuwa homa. Ilikuwa ikija kila jioni, saa moja kasoro, kama mtu wa familia. Jumamosi hiyo Karani alikata nyasi, na jioni wakaingoja homa, na haikuja. Badala yake mtangazaji aliyekuwa akisoma habari redioni, katika mji ambao Karani hakuwahi kufika, alinyamaza katikati ya jina la waziri, ukapigwa muziki. Na uji uliopelekwa kwa mgonjwa ulirudi jikoni. Hamu nayo ilikuwa imekatika.

Binti aliuweka uji mezani akakaa kitini, jambo ambalo kwa kawaida hakuwa na muda nalo.

“Baba, naomba karatasi ya ile mashine.”

Karani alimpa. Binti aliisoma mbele akaigeuza nyuma, kama mtu anayetafuta salio la sentensi.

“Ya kukata nini?”

“Nyasi.”

“Haikusema nyasi.”

“Najua haikusema.”

“Ulijua, ukaipokea? Wewe?”

Karani alikuwa tayari amechukua daftari na kuligawa kwa mstari katikati, kama rejesta. Upande mmoja aliandika yaliyokwisha kukatika: kiu, kikohozi, homa, hamu, usemi wa Mshonaji, umeme, maji, shauri la mwalimu, sauti ya mtangazaji. Upande wa pili alitaka kuandika yaliyobaki yenye kukatika, akaishika kalamu muda mrefu. Tamaa, aliandika. Usingizi. Binti yake alikuwa amesimama nyuma ya bega lake.

“Usingizi si kitu, amekwisha kuupata wa kutosha,” akasema binti. “Na mama hajawahi kukata tamaa tangu nimjue. Ndani ya kile chumba kimebaki kitu kimoja tu cha kukatika, baba. Usikiandike.”

Hakukiandika.

“Tumhamishe siku ile unapokata,” binti akasema baadaye.

“Yule wa redioni alikuwa safari ya siku mbili kutoka hapa.”

“Kweli.” Alichukua mkoba wake. “Basi usikate.”

Mvua zilianza wiki iliyofuata. Zilinyesha asubuhi na jua likatoka mchana, na nyasi, ambazo hazina habari za mtu, zilikua. Kila alfajiri Karani alitoka na viatu vya mpira, akachutama karibu na lango ambako udongo ulikuwa na rutuba zaidi, akalaza vidole vyake. Vilikuwa vinene, vya mtu wa enzi za mkaguzi wa zamani. Alikuwa ameviangalia vya mkaguzi kwa makini mwezi uliopita na kupata kwamba vyake vitatu ni sawa na vinne vya yule. Alifanya hesabu hiyo kichwani, akairudia, akaingia ndani kunywa chai iliyokwisha poa.

Alianza na dukani. Muuzaji alimkumbuka.

“Inakata vizuri?”

“Inakata. Nimekuja uongeze neno moja kwenye stakabadhi.”

Muuzaji aliitazama mihuri miwili. “Ningeliongeza, mzee, haki ya Mungu. Lakini muhuri wa idara huu. Nikigusa hapa, wewe unapata nyasi, mimi napata jela. Nenda masjala.”

Karani alikwenda masjala. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama upande wa nje wa dirisha, na aliona kwamba lilikuwa chini mno. Mtu alilazimika kuinama ili aonekane. Ndani aliketi karani wa sasa, mwanamke ambaye Karani mwenyewe alimfundisha kazi kwa miaka tisa.

“Mwalimu wangu,” akasema huyo, akasimama kwa heshima. “Shida gani?”

Karani alipitisha karatasi. Mwanamke aliisoma mara tatu, na Karani akaona kwamba midomo yake ilikuwa ikihesabu maneno, kama alivyomzoeza.

“Kitenzi hakina kitu,” akasema.

“Ndiyo. Kiongezwe nyasi.”

“Hati ikishapigwa muhuri haiongezwi neno.” Alielekeza kidole ukutani, nyuma yake. Maneno hayo yalikuwa pale, katika fremu, kwa mwandiko mzuri wa kulalia kulia, na Karani aliutambua kuwa ni wake. “Ni wewe uliyeyaandika, mwalimu. Kila asubuhi nayasoma.”

“Kuna mgonjwa.”

“Pole sana. Mgonjwa hayumo katika hati.”

Alijibu bila ubaya wowote. Ndiyo sauti aliyoijenga Karani mwenyewe, sauti safi isiyopanda wala kushuka, na alipoisikia kutoka upande huu alielewa kwa nini watu walikuwa wakikaa kidogo kwenye ngazi za masjala kabla ya kuondoka.

Alikuwa amekwisha geuka aende, kisha akarudi dirishani.

“Ile barua ya Mshonaji wa nyumba ya tisa ipo?”

“Ipo. Katika Yaliyopungua.”

Mwanamke aliivuta kutoka saraka ya chini. Ilikuwa na miaka saba. Mshonaji alikuwa amepoteza vyumba vitatu kwa mkupuo, akabaki na kimoja, na sheria ilimpa siku kumi na nne za kukata rufaa. Alifika siku ya kumi na tatu. Barua yake ilikuwa fupi: “Mimi wa nyumba ya tisa nakata, kwa sababu mume wangu alikuwa hospitalini na nyasi hazikungoja.” Chini yake, kwa wino mwekundu na mwandiko wa kulalia kulia, iliandikwa: “Anakata nini? Irudishwe.” Hakurudi nayo tena. Siku ya kumi na nne alikuwa akimzika mumewe.

“Nipe kalamu,” akasema Karani.

“Kalamu ipo, mwalimu. Ruhusa haipo.”

Mwanamke aliirudisha barua sarakani, na saraka ikafungwa kwa ulaini, kwa maana Karani alikuwa ameipaka mafuta kila mwezi kwa miaka thelathini na mmoja.

Jioni hiyo, njiani kwenda nyumbani, alisimama penye nyumba ya tisa. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya mwanga. Chumba kile kilikuwa na kitanda, cherehani, jiko na nguo za watu wengine zikining'inia darini, na katikati yake Mshonaji, mdomo umejaa pini. Madirisha ya vyumba vyake vitatu yalikuwa yamepigiliwa mbao. Nje, nyasi zilifika kiunoni mwa mtu, kwa maana nyumba ya chumba kimoja haihesabiwi kuwa nyumba, na kisichokuwa nyumba hakina mbele. Hakuna mkaguzi aliyetia kidole pale kwa miaka saba.

Mshonaji alitoa pini mdomoni, moja moja. “Karani. Umekuja kushona au umekuja kusahihisha?”

“Nimeiona barua yako leo.”

“Imekua?”

“Nilitaka kuongeza lile neno. Wamekataa.”

“Ungeliongeza siku ile. Ulikuwa na kalamu mkononi.” Alizungusha gurudumu la cherehani, likazunguka mara moja likasimama. “Unakumbuka ulivyoniuliza? Mbele ya foleni nzima. ‘Mama, unakata nini?’ Nikakwambia, unajua. Ukaniambia, ‘Mimi najua. Masjala haijui.’ Watu wakacheka. Nilikuwa nimevaa kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, sikuwa na pa kujificha.”

“Nakumbuka.”

“Na sasa nasikia mashine yako haina neno.”

“Haina.”

“Haya,” akasema Mshonaji. Hakucheka. “Mama anaendeleaje?”

“Haumwi kitu. Hali chakula.”

“Mpe maji ya wali yenye chumvi kidogo. Na mimi usiniombe msamaha leo, nina nguo ya harusi ya kesho.” Alirudisha pini mdomoni, na Karani akaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Alitembea taratibu kupita nyasi zile ndefu, na kabla hajafika nyumba ya saba alikuwa amekata shauri mwenyewe, bila mashine.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Nyasi zikizidi vidole vitatu, atalipa vyumba vitatu na kubaki na kimoja, na chumba kimoja hakina mbele, na pasipo mbele hakuna mtu wa kumlazimisha kukata tena. Zikizidi viwili tu, atabaki na vyumba viwili na bustani ya kupimwa mwezi ujao, na kwa mvua hizi mwezi ujao zitakuwa za kufika magotini na vyote vitakwenda. Zikizidi vinne, mkewe atatolewa nje na kitanda chake siku hiyohiyo. Ilikuwa lazima ziwe za vidole saba. Sita hazifai, na nane ni maangamizi.

Alimweleza mkewe. Alikuwa ameegemea mito miwili, amekonda, macho yake safi kabisa.

“Kata,” akasema mkewe.

“Siwezi.”

“Nyumba ni vyumba vinne, mzee wangu, na mimi ni mmoja. Wewe mtu wa mahesabu. Binti yako atalala wapi akija? Kata. Nimeizoea sauti yake, si mbaya. Kama mtu anayechana barua.”

“Mama, sitakata.”

“Mkaidi. Ndiyo maana baba yangu alisita kunioza kwako.” Alifumba macho. “Kitakachobaki kiwe hiki. Kile cha mbele kina joto.”

Ukaguzi ulikuwa Jumatatu. Jumatatu alfajiri Karani alipima akapata sita na nusu, na kwa saa nane nzima aliketi kibarazani akiomba mkaguzi asije. Hakuja. Habari zililetwa na mwalimu wa hesabu kwamba mkaguzi amekwama nyumba za juu, ambako mtu mmoja alikuwa akibishana naye juu ya maana ya kulaza.

Jumanne zilikuwa saba kamili. Karani alinyoa ndevu mara mbili, akakaa kibarazani na shati lake la mikono mirefu, akitazama njia. Mkaguzi hakuja. Saa sita jua lilitoka kali, na Karani alihisi kwamba anaziona zikikua. Alivua miwani ili asizione.

Jumatano ilinyesha toka asubuhi hadi magharibi. Binti alikuja ingawa haikuwa siku yake, akakuta baba yake amechutama langoni na mwavuli, si juu ya kichwa chake bali juu ya nyasi.

“Baba, inuka. Bega lako.”

“Saba na robo.”

“Inuka.”

“Njoo upime wewe. Una vidole vyembamba.”

Alichutama akapima, akafuta kidole kwenye gauni. “Saba na nusu,” akasema, na wote wawili wakasimama mvuani, wakitazama njia ambayo haikuwa na mtu.

Mashine ilikuwa kibarazani, imefunikwa gunia. Mara tatu siku ile Karani alikwenda akashika mpini. Ingetosha kukata mstari mmoja tu, ule wa langoni, hatua kumi na moja. Ndani, mkewe alikuwa akimweleza binti yao habari ya zamani juu ya shangazi fulani na kofia, na sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikukatika. Karani aliuachia mpini mara zote tatu.

Mkaguzi alikuja Alhamisi saa nne. Alifungua lango, akasalimu, akafungua kitabu chake. Hakuuliza sababu, kwa kuwa kitabu hakikuwa na mahali pa kuiandika. Alipima katikati, akapima kibarazani, kisha akaja langoni, kama Karani alivyojua atakuja. Alichutama. Alilaza vidole vinne. Juu yake akalaza vitatu. Ncha za nyasi zilikuwa bado zinaonekana.

Alichukua kidole cha nane akakiweka juu. Alikisogeza, akafunga jicho moja.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Karani alikuwa na kofia yake kifuani.

“Saba,” akasema mkaguzi, “na ziada.” Akaandika. “Ziada isiyotimiza kidole haihesabiwi.”

Karani alikuwa ameitumikia herufi hiyo ndogo maisha yake yote, na hakuwahi kuiona ikimtendea mtu wema. Sasa ilimtendea yeye. Aliipokea kama mtu anayepewa sahani ya mwenzake, na masikio yake yakawa ya moto.

Vyumba vilifungwa kwa mpangilio: cha mbele, cha binti, cha jikoni. Walipewa nusu saa. Binti alitoa jiko na sufuria. Karani alitoa kiti kimoja, saa ya ukutani na daftari lake. Kabati halikupita mlangoni, likabaki. Mkaguzi alipigilia mbao kwa misumari minne kila mlango, kwa mikono hodari isiyolingana na vidole vile, akaandika namba kwa chaki.

“Na chombo,” akasema. “Nyumba isiyo na mbele haina haja ya chombo. Hii inakwenda nyumba ya kumi na mbili. Wana mtoto mchanga, hawana muda wa kufyeka.”

“Bwana mkaguzi,” akasema Karani. “Maelezo ya mashine hiyo yamepungua neno.”

Mkaguzi alifungua karatasi akaitazama. “Yamepigwa muhuri.”

“Najua. Mimi nakwambia yamepungua.”

“Umesema, mzee. Nimesikia.” Aliikunja karatasi akaifunga kwenye mpini kwa uzi, akaisukuma mashine nje ya lango. Visu vilizunguka hewani bila kugusa kitu. Karani alimfuata hadi kwenye kona akizidi kusema, mpaka nyumba ya kumi na mbili ilipofunguliwa mlango, na mama mwenye nyumba, mtoto begani, akatoka akiishukuru idara. Karani alimweleza yeye naye. Alimsikiliza kwa adabu.

“Ahsante, babu,” akasema. “Lakini sisi tuna vyumba viwili tu.”

Mkaguzi alimpa Karani kitabu chake ili atie sahihi. Palikuwa na mstari mmoja, na juu yake maneno “Adhabu imelipwa”. Alitia sahihi kwa mwandiko wake wa kulalia kulia, akaweka tarehe.

Alipoingia chumba cha nyuma hapakuwa na pa kukanyaga. Binti alikuwa amekwenda zamu yake. Sufuria zilikuwa juu ya sanduku, jiko chini ya dirisha, saa ya ukutani juu ya miguu ya mkewe.

“Amechukua vingapi?” mkewe akauliza, macho yamefumba.

“Vitatu.”

“Na nyasi?”

“Zipo.”

Mkewe alivuta pumzi. Karani alisimama na kiti mikononi, akangoja hadi ikaja nyingine, na baada yake nyingine, kisha akaanza kutafuta mahali pa kukiweka.